Wakili amefariki, kesi yangu je?

SWALI: Wakili wangu, aliyefanya kazi peke yake, amefariki ghafla. Alikuwa na hati ya kiwanja changu na pesa za ununuzi, na kesi yangu inatajwa karibuni. Nianzie wapi?

JIBU: Pole kwa msiba. Anza na tarehe, si pesa. Kwa kawaida muda wa kukata rufaa au kufungua madai hausimami kwa kifo cha wakili. Nenda masjala ya mahakama na namba ya kesi, nakili tarehe ijayo, kisha omba ahirisho kwa barua yenye uthibitisho wa kifo. Ukikaa kimya, shauri laweza kufutwa au kusikilizwa bila wewe.

Halafu uliza chama cha mawakili ni nani anayesimamia ofisi. Usimbane karani au mjane akukabidhi jalada. Kabati lile lina siri za wateja wengine pia. Omba kwa maandishi, taja kila hati halisi, na usaini unapoipokea.

Pesa zilizo kwenye akaunti ya wateja, ile wakili anayotunzia pesa za wateja wake, si sehemu ya mirathi yake. Hata hivyo, kama mtia saini alikuwa yeye tu, benki huifunga hadi apatikane mwenye mamlaka. Tunza stakabadhi zako. Wakili mpya utamsainia idhini upya.

Wakili akipatwa na kiharusi, husumbua zaidi kuliko kifo: hakuna cheti cha kifo, na ndugu husema "atapona". Usingoje.