Lengo jema halisafishi njia mbovu

Ndugu, umesema lengo likiwa jema njia yoyote inafaa, mradi matokeo yaonekane. Tatizo liko hapo kwenye kuonekana. Kinachoonekana ni kipimo tu, na watu hukifukuzia hicho wakaliacha lengo.

Mwaka 1902 utawala wa Kifaransa mjini Hanoi, Vietnam, ukihofia tauni, ugonjwa unaoenezwa na panya, uliahidi kulipa fedha kwa kila mkia wa panya. Mikia ikamiminika, hesabu zikapendeza. Kumbe watu walikuwa wakikata mkia na kumwachia panya akaendelee kuzaliana, na wengine wakaanza kuwafuga kabisa!

Shuleni ni yaleyale. Mwalimu akipimwa kwa alama peke yake, atafundisha mtihani: maswali ya miaka iliyopita, majibu ya kukariri, na mada isiyoulizwa inarukwa. Huko Atlanta, Marekani, mambo yalifika pabaya zaidi. Majibu ya watoto yalifutwa na kusahihishwa kwa siri, na mwaka 2015 mahakama ikawatia hatiani watumishi 11 wa elimu. Sidhani waliingia kazini na nia hiyo.

Mimi nikiletewa mpango wowote, wa serikali au wa kampuni, huuliza kwanza: mjanja anaweza kutimiza kipimo kilichowekwa bila kufanya kazi yenyewe? Akiweza, mpango urudi mezani. Kwa shule, mwambie mwanafunzi aeleze kwa mdomo amelipataje jibu lake. Inachukua muda, ndiyo, lakini aliyekariri utamjua dakika hiyohiyo.