Kwa Mlioingia Klabu Mwaka Huu: Namna ya Kumtunuku Mtu wa Anga

Wadogo zangu, karibuni. Oktoba haiko mbali, na kazi yenu ya kwanza itakuwa ileile niliyopewa mimi nilipoanza: kuandika wasifu wa mtunukiwa. Kila Wiki ya Anga Duniani klabu yetu ya wanafunzi hapa Dar es Salaam humchagua mtu aliyefanya jambo kubwa katika safari za anga, hutundika ngao yenye jina lake kwenye ukuta wa maabara, na mwanafunzi mmoja husoma wasifu wake mbele ya wazazi na walimu. Mtunukiwa mwenyewe huwa hayupo, na wengi wao walishafariki. Kwa hiyo wasifu ule ndiyo sherehe yenyewe. Ukiwa mbovu, hakuna mtunukiwa wa kusimama akaipungia mkono hadhira na kuiokoa siku.

Wiki hiyo ni tarehe 4 hadi 10 Oktoba, na lazima mjue kwa nini, maana mgeni rasmi huuliza. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik 1, setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Tarehe 10 Oktoba 1967 ulianza kutumika mkataba wa kimataifa unaosema anga za juu na Mwezi haviwezi kumilikiwa na nchi yoyote. Umoja wa Mataifa uliitangaza wiki hiyo mwaka 1999. Basi, hilo limetosha.

Wasifu wangu wa kwanza ulimhusu Yuri Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kufika anga za juu. Niliuandika usiku mmoja, nikaupamba kwelikweli: shujaa asiye na mfano, simba wa anga, nyota isiyozimika. Nikamalizia kwamba aliizunguka dunia na kutua salama ndani ya chombo chake. Mwanafunzi akasoma vizuri sana, watu wakapiga makofi. Baadaye, chai ikinywewa, babu wa mwanafunzi mmoja, mhandisi mstaafu aliyesomea Urusi enzi za Wasovieti, akanivuta pembeni. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, Gagarin hakutua na chombo. Alishuka kwa parachuti yake." Nilidhani mzee amesahau. Nikaenda kusoma, nikakuta yuko sahihi.

Tarehe 12 Aprili 1961 Gagarin, kijana wa miaka 27, aliizunguka dunia mara moja ndani ya Vostok 1. Tangu kuruka hadi kutua zilipita dakika 108. Lakini Vostok haikuwa na njia ya kumshusha mtu taratibu kiasi cha kutosha, kwa hiyo alipofika kama kilomita 7 juu ya ardhi alirushwa nje pamoja na kiti chake, akateremka peke yake kwa parachuti, na chombo kikateremka kwa parachuti nyingine. Kanuni za kusajili rekodi za urukaji wakati ule zilitaka rubani atue na chombo chake. Wakubwa wake wakalificha jambo hilo kwa miaka kadhaa. Mimi nilikuwa nimeurudia uongo wao mbele ya watoto 200, nikidhani namheshimu mtu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukweli ulikuwa mkubwa kuliko mapambo yangu yote. Kijana aliyetoka kuiona dunia nzima kwa dirisha dogo, kisha akaning'inia kwenye kamba za parachuti juu ya mashamba ya Urusi, hahitaji kuitwa simba. Tangu siku hiyo nina desturi moja, nami nawaachia: ukimaliza rasimu, futa kila sifa. Mahiri, shupavu, nguli, gwiji, mwenye kuona mbali, zote. Kisha soma kilichobaki. Kikibaki kitendo, tarehe na mahali, una wasifu. Kisipobaki kitu, bado hujamjua mtu unayemwandikia, rudi ukasome.

Najua hili ni gumu kwetu. Tumelelewa na risala, na risala hupenda maneno mazito, "kwa heshima na taadhima". Risala ina nafasi yake, na mgeni rasmi asomewe ya kwake. Lakini mtoto wa kidato cha pili akisikia kwamba mtu alikuwa "mahiri" hapati la kufanya nalo. Akisikia kwamba Katherine Johnson, mwanahisabati wa shirika la anga la Marekani, aliketi mezani na mashine ya kukokotolea, akarudia hesabu za njia ya mwanaanga John Glenn kwa sababu Glenn hakutaka kuruka kabla mama yule hajahakikisha tarakimu za kompyuta, mtoto huyo kesho ataitazama hesabu yake kwa jicho jingine. Nimeliona hilo darasani, tena kwa watoto waliokuwa wakilikimbia somo lenyewe.

Sasa tahadhari kuhusu neno "wa kwanza". Hili limewaangusha wengi waliowatangulia. Mae Jemison aliruka tarehe 12 Septemba 1992 ndani ya chombo cha Endeavour, na kila mwaka kuna rasimu inayomwita mwanamke wa kwanza wa Afrika kwenda anga za juu. Hapana. Ni mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi. Mwafrika wa kwanza naye ni nani? Inategemea unauliza nini. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliruka Aprili 2002, akiwa amelipia safari yake. Lakini Patrick Baudry, Mfaransa aliyezaliwa Douala, Kamerun, alikuwa ameshakwenda mwaka 1985. Ukisema raia wa Afrika, jibu ni moja. Ukisema aliyezaliwa Afrika, jibu ni jingine. Andika neno linalobeba ukweli wote, hata kama sentensi itarefuka. Wazazi wana simu mkononi, nao huangalia papo hapo.

Nikiulizwa ni nani nampenda kuliko wote tuliowahi kuwajadili, jibu langu liko Malindi.

Baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano waliweka jukwaa la kurushia roketi, San Marco. Aliyelibuni na kulisimamia ni Luigi Broglio, na kituo hicho leo kina jina lake. Kwa nini pwani yetu? Kwa sababu dunia inapojizungusha, mahali karibu na ikweta huenda kasi kuliko kwingine, takriban mita 460 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata kasi hiyo bure. Waelezeeni wanafunzi kwa kuwaonyesha mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalotembea. Wataelewa mara moja, na pia waambieni wasijaribu.

Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka San Marco setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Eksirei hizo hazifiki ardhini, angahewa huzizuia, kwa hiyo bila setilaiti hatukuwa na njia ya kuzitazama kwa muda mrefu. Kiongozi wa mradi alikuwa mhandisi mama, Marjorie Townsend. Siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, naye akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo tu. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Mwanasayansi aliyeongoza uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nimewauliza walimu wengi wa fizikia hapa mjini kama wanaijua habari hii. Wengi hawaijui. Neno letu limo katika historia ya elimu ya nyota, wanafunzi wa mataifa mengine wanalisoma vitabuni, na sisi tunapita. Hii ndiyo sababu nasema kutunuku ni kazi ya lazima. Jina lisipotajwa kwa sauti mahali fulani kila baada ya muda, watu waliolifanyia kazi hutoweka, hata kama kazi yao bado inatumika.

Kuna jingine la karibu zaidi. Alipokuwa akiruka John Glenn tarehe 20 Februari 1962, mizunguko mitatu kwa saa 4 na dakika 55, Wamarekani walikuwa wameweka vituo kuizunguka dunia ili rubani asikae muda mrefu bila kusikika. Kimoja kilikuwa Kano, Nigeria. Kingine kilikuwa Unguja. Kituo cha Unguja kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Watoto husisimka mno wakisikia, na hapa ndipo muwe macho: msiruhusu wasifu useme Zanzibar ilimpeleka mtu anga za juu. Kituo kilipokea mawimbi ya redio na vipimo kutoka kwenye chombo kilipopita juu yake. Hiyo ni kazi halisi na ya maana, isimame kwa ukubwa wake wenyewe. Tukiikuza, tutakuwa tumeidharau.

Upande wa uongozi ndio mgumu kuandika, kwa kuwa uongozi hauonekani kwenye picha. Ushauri wangu: tafuteni siku mambo yalipoharibika. Siku ya furaha kila kiongozi anapendeza.

Mfano ninaowapa wote ni wa India. Tarehe 10 Agosti 1979 roketi yao SLV-3 iliruka kwa mara ya kwanza, ikaanguka baharini. Mkuu wa mradi alikuwa Abdul Kalam, na uamuzi wa kurusha licha ya kompyuta kuonya ulikuwa wake. Mwenyekiti wa shirika lao la anga, Satish Dhawan, ndiye aliyekwenda kuwakabili waandishi wa habari. Alibeba lawama mwenyewe na kusema ana imani na vijana wake. Tarehe 18 Julai 1980 wakarusha tena, safari hii setilaiti ikafika kwenye mzunguko wake. Dhawan akamwambia Kalam aende yeye kuzungumza na waandishi. Kalam aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, baada ya kuwa rais wa nchi. Tulipomsomea Dhawan wasifu, mkuu wa idara mmoja aliyekuwa ukumbini alikaa kimya muda mrefu. Sikumuuliza.

Na kuna heshima ya aliyekataa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 huko Florida kulikuwa na baridi kali, na wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walionya kwamba pete za mpira zinazoziba maungio hazitafanya kazi vizuri kwenye baridi ile. Allan McDonald, aliyekuwa mwakilishi wa kampuni hiyo pale uwanjani, alikataa kutia saini ya kuruhusu. Saini ikatoka kwa mkubwa mwingine. Chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba wakafa. McDonald aliposema ukweli mbele ya tume alishushwa cheo, Bunge la Marekani likaingilia kati, na hatimaye ndiye aliyeongoza kazi ya kusanifu upya maungio yale. Huyu naye ana ngao kwenye ukuta wetu. Baadhi ya walimu walipinga, wakisema hakuna alichofanikisha usiku ule. Nilibishana nao jioni nzima, na ningebishana tena.

Mnapowataja waliokufa, tajeni majina yote saba, au yote matatu kama ni wa chombo cha Apollo 1 kilichoungua Januari 1967. Msiseme "na wenzake". Someni taratibu, nyamazeni kidogo, kisha mtaje chanzo cha ajali. Bila chanzo, huzuni inabaki hewani.

Mambo ya ukumbini ni machache. Wasifu usizidi dakika sita. Msomaji aufanyie mazoezi kwa sauti siku tatu mfululizo, na ajue maana ya kila neno, kwa kuwa mtoto akisoma "obiti" bila kuielewa, sauti yake humsaliti. Itifaki na utambulisho wa wageni viwekwe kwenye karatasi moja na mtu mmoja avisimamie, la sivyo vitakula muda wa mtunukiwa. Mwaka mmoja tulibaki na dakika mbili tu, binti aliyejiandaa wiki tatu akasoma mbio mbio huku viti vikikusanywa. Sijausahau uso wake.

Ngao huchongwa Mwenge, kwa fundi wetu wa siku zote, kwa mti wa mninga. Msimtajie jina kwa simu. Wapo watu wenye majina ambayo masikio yetu hayajayazoea, na ngao ya Broglio ilibidi irudiwe kwa sababu ya herufi moja. Mpelekeeni jina lililochapwa kwa herufi kubwa, kaeni naye, someni herufi moja moja kabla hajashika patasi. Mwaka huu ni Marjorie Townsend. Ubao ameshaukata, karatasi ya jina mtaipeleka ninyi, Jumamosi, kabla ya saa nne.