Kwa nini chesi imeziacha drafti na bao mbali hivi? (jibu refu kidogo)

Mleta mada umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini chesi ndiyo yenye mashindano makubwa, wadhamini na watazamaji, ilhali vijiweni kwetu watu wanapiga drafti, bao na karata. Pili, dogo wako anayeipenda drafti, umsogeze kwenye chesi au umwache alivyo. Mimi drafti nimekua nayo, bao nimejifunza ukubwani kwa wazee wa Unguja, na chesi nacheza mpaka leo, kwenye simu na kwenye mashindano ya mjini yakitokea.

Wanaosema chesi imeshinda kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko yote hawajawahi kukaa mbele ya fundi wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, zake 10 ziko ubaoni, sita kati ya hizo ndani ya shimo liitwalo nyumba. Mnanamua, yaani mnaingiza kete za mkononi moja moja, hadi mikono ibaki mitupu, ndipo mnaingia mtaji, awamu ya kucheza na zilizo ubaoni tu, na hapo hatua moja inaweza kuzunguka na kuzunguka tena kabla kete haijalala. Kuna mzee nilikuwa nacheza naye barazani, mimi nikiwa bado natakata (nazungusha bila kula) yeye keshaanza kucheka. "Zungusha tu mwanangu, mtaji wako nishauona." Na kweli kaona. Hata ukienda kwa kompyuta, Kasparov, bingwa wa chesi, alifungwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997, lakini Lee Sedol wa Korea Kusini, gwiji wa Go, mchezo wa ubao wa Asia, alifungwa 4–1 na programu ya AlphaGo mwaka 2016, karibu miaka ishirini baadaye. Kwa hiyo hoja ya ugumu tuiweke pembeni.

Kwa maoni yangu chesi imebebwa na daftari. Mchezo huu unaandikwa. Mwaka 1858, ndani ya jumba la opera mjini Paris, Paul Morphy aliwafunga wakubwa wawili waliokuwa wanashauriana dhidi yake. Hatua 17 tu. Leo hii nikiwa kwenye daladala naufungua mchezo ule ule kwenye simu, hatua kwa hatua, hadi ile ya 16 anapomtoa malkia wake bure, farasi wa mpinzani akalazimika kumla, kisha ngome ikashuka hadi mraba wa d8 na mfalme akaisha. Miaka zaidi ya 160 imepita na bado mtu ananuna au anashangilia kama kauona jana.

Sasa michezo ya yule mzee wangu iko wapi? Uliyekuwepo barazani uliona, usiyekuwepo ndiyo basi tena.

Drafti ina tatizo lake jingine: sheria zinabadilika ukivuka barabara. Kijiwe hiki kete haili kurudi nyuma, kijiwe cha pili inakula. Huku ukisahau kula unapulizwa na kete inaondoka, kule unalazimishwa urudi ule. Nimeshuhudia vizibo vya soda vikipeperushwa hewani kwa ubishi wa kingi, na hakuna wa kuamua kwa sababu hakuna kitabu. Drafti ya kimataifa ipo, ya miraba 100 na kete 20 kila upande, na shirikisho lake lipo tangu 1947. Tena Afrika ilimtoa Baba Sy wa Senegal, ambaye akiwa ameshafariki alitambuliwa kuwa bingwa wa dunia. Zunguka vijiwe vyote vya mjini uulize Baba Sy ni nani uone utakavyotazamwa.

Kwenye chesi, shirikisho la dunia, FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na mwaka 1970 likaanza kutumia alama za Elo za kupima uwezo wa mchezaji: ukimfunga aliyekuzidi unapanda sana, ukimfunga dhaifu unapanda kiduchu, ukifungwa naye unaporomoka. Ndiyo maana mtoto wa Kampala na mtoto wa Chennai wanaweza kulinganishwa bila kuonana. Sisi kwenye drafti tunalinganishwa kwa kelele.

Siasa nayo imechangia, tusidanganyane. Wasovieti waliimwagia chesi fedha za serikali, na Fischer wa Marekani alipomvua Msovieti Spassky ubingwa wa dunia pale Reykjavik, Iceland, mwaka 1972, magazeti yaliandika kama vita.

Kuhusu watazamaji, kompyuta ambayo watu walidhani itaiua chesi ndiyo imeipa uhai. Ukiangalia mechi mtandaoni pembeni kuna mstari wa kompyuta unaopanda na kushuka kuonyesha nani yuko juu. Hata asiyejua farasi anaendaje anaona mstari umeanguka ghafla, anajua mtu kaharibu. Bao halina kitu hicho.

Michezo mingine nayo ina vikwazo vyake. Scrabble, ule wa kuunda maneno kwa herufi, ina ukuta wa lugha, ingawa Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa Kifaransa mwaka 2015 bila kukiongea Kifaransa. Huyo ni kiumbe mwingine, tusimtumie kama mfano. Karata, wazazi wengi wakizisikia wanawaza kamari, na pale penye bahati ya kugawiwa aliyefungwa ana pa kujitetea.

Kuhusu dogo: usimtoe kwenye drafti. Kuhesabu hatua tatu nne mbele kashajifunza huko, na atakuja nako kwenye chesi. Mfungulie Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ni bure na haina matangazo, mwanzoni acheze michezo ya dakika 10 au 15, zile za dakika moja zitamfundisha kubonyeza tu. Mnunulie daftari, kila mchezo wa mezani auandike. Na kama mtaani kwenu kuna fundi wa bao aliye hai, mkalishe naye pia, wewe kaa pembeni na simu urekodi.