Mti umekauka au umepukutika?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kwenye insha niliandika: "Mti ule ulikauka majani yote, mwezi uliofuata ukachipua." Mwalimu akaikata sentensi kwa wino mwekundu bila maelezo. Kosa langu nini? Na je, naweza kuyaita majira hayo vuli?
Mwanafunzi, kidato cha tatu

JIBU: Marahaba. Mti uliokauka ni kuni, hauchipui. Wako ulipukutika: majani yalianguka kwa wingi, mti wenyewe ukabaki mzima. Andika "ulipukutika majani" au "ulipukutisha majani yake", mwalimu hatakuwa na neno. Ukiushuku mti, kwarua gome la kitawi kwa ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani chini yake, u hai.

Kunyauka ni habari nyingine kabisa. Jani limepungukiwa maji, limelegea, ila bado limeshika kikonyo chake; ukiuwahi mmea kwa maji, huinuka tena. Sasa utazame mti wa mkungu. Majani yake hugeuka mekundu, kisha huanguka. Hapo hakuna kunyauka, maana mti wenyewe ndio unaoyaachia: pale kikonyo kinapoungana na tawi hujitenga tabaka jembamba la seli dhaifu, jani hukatikia hapo, na kidonda huzibwa kikawa kovu dogo. Kazi hiyo huhitaji tawi lililo hai. Ndiyo maana tawi lililovunjika ghafla hubaki na majani yake makavu yakining'inia muda mrefu, halikupata nafasi ya kuyaachia. Majani hayo ndiyo ungesema yamekauka, na hakuna ambaye angekukata.

Kudondoka hakuna haja ya wingi, hata jani moja hudondoka. Mwembe hudondosha yake kidogo kidogo na hauonekani mtupu, kwa hiyo mimi siuiti mti wa kupukutika. Mbuyu ndio hasa, nao hukaa bila jani miezi mingi ya kiangazi.

Kuhusu vuli, wafasiri wengi hulitumia kwa majira ya Ulaya ya majani kuanguka. Silipendi. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati miti mingi inavaa majani mapya. Kama insha yako inahusu Ulaya, andika "majira ya kupukutika majani". Ni refu, lakini halimchanganyi mtu.