Ndoa isubiri, kwanza jitibu

Juzi dada mmoja wa Tabata kaniandikia ujumbe mrefu. Mume hapokei simu, siku hizi analala sebuleni, na yeye mwenyewe chakula hakipiti, kazini haelewi anachofanya, usiku wa manane anaamka na kuanza kusoma meseji za mwaka jana. Mwisho kauliza: "Dada, niondoke au nivumilie?"

Tangu nianze kuandika hadharani habari za talaka yangu, swali hili naulizwa kila kukicha, na jibu langu halijabadilika. Usiliamue sasa hivi. Mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hafai kuamua hata rangi ya pazia, sembuse ndoa. Ila kama unapigwa, hayo ni mengine: toka leo, nenda kwa watu wako, kisha Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Hapo hakuna cha kusubiri.

Nasema hivi kwa sababu mwenzenu nimepita huko. Safari za "kikazi" za baba watoto zilipoanza kuwa haziishi, nilikuwa napanda mwendokasi Kimara nishuke Posta ya Zamani, nashtukia niko Kivukoni, na ukiniuliza njiani nilikuwa nawaza nini, sijui. Saa tisa usiku macho makavu, nasubiri adhana ya alfajiri. Kuoga kulikuwa kazi ya kujipanga. Siku moja nilisimama jikoni na mwiko mkononi, ugali unaungua, moshi umejaa, naona kila kitu na mkono hauendi. Aliyekuja kuzima jiko ni mwanangu wa darasa la pili. Mpaka leo hilo nikilisema koo linakaba.

Familia ikaitisha kikao Temeke. Shangazi akasema nimechezewa. Nikanyweshwa kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Sina ugomvi na hilo. Dua ilinituliza na kusali nasali mpaka leo. Kilichoniumiza ni kujadiliwa nikiwa nimekaa pale pale mkekani. Huyu kasema nimekonda, yule kasema najidekeza, kungwi wangu akafunga kazi: mwanaume harudishwi kwa sura iliyonuna. Hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi. Nikatoka na uamuzi wangu kamili: nimbembeleze mume, na ikishindikana, nisiwepo tena duniani. Haya ndiyo maamuzi ninayokwambieni, yanafanywa na ugonjwa, wewe unatia sahihi tu.

Aliyenipeleka hospitali ni mwenzangu wa ofisini ambaye hata salamu zetu zilikuwa za juu juu. Nilitegemea nitaulizwa habari za mume. Wapi! Niliulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, kula, uchovu, kukosa hamu, kujiona huna thamani, kuwaza kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Mimi nilipata alama ambazo shuleni sikuwahi kuziona. Baada ya hapo nikatolewa damu, na tezi ya shingo ikapimwa pia, maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kivivu vinaweza kukuletea uchovu na huzuni ukadhani ni mapenzi.

Nikaanzishiwa fluoxetine, dawa ya sonona. Siku za mwanzo kichefuchefu, na nafuu huioni. Inachukua wiki kadhaa kujitokeza. Wengi wanaitupa hapo hapo wakisema haifanyi kazi. Hizi si dawa za kulevya jamani, ila usiziache ghafla bila daktari wako kujua.

Lakini dawa peke yake isingenifikisha. Mshauri alinipa daftari nilichore safu tatu: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi. Nikaandika: hakupokea simu. Nikawaza: mimi si kitu. Nikafika kwenye ushahidi, kalamu ikakwama. Nilichokuwa nacho ni kimoja tu, kwamba hakupokea simu. Tiba hii ya kuhoji mawazo ilianzishwa na daktari Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960, nami nawaambieni ningefundishwa hivyo kwenye kitchen party yangu badala ya yale tuliyofundishwa, ningeokoa miaka. Halafu kuna ratiba: amka, oga, nenda gengeni kanunue fungu la nyanya, urudi. Hutaki? Nenda hivyo hivyo. Ukisubiri hamu ije kwanza utaozea kitandani. Hamu inakuja ukishaanza kutembea.

Usingizi uliporudi ndipo nikamwangalia yule bwana vizuri. Nikaona sina ninachosubiri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, nikaenda barazani na karatasi yangu: ada, kodi, nani kalipa nini na lini. Nilijieleza mwanzo mwisho bila chozi. Shangazi akasema dawa za hospitali zimenitia kiburi. Ameni, shangazi, kizidi. Wewe pengine ukipona utaamua kubaki, na ndoa itatengemaa. Sawa kabisa, mradi aliyeamua ni wewe mwenye akili zako.

Sasa naongea na nyie ndugu wa mgonjwa. Kule Harare, Zimbabwe, Profesa Dixon Chibanda, daktari wa afya ya akili, alianza mwaka 2006 kufundisha kina bibi kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wasikilize, wamsaidie mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili zilipungua zaidi kwa waliokaa na bibi hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao si madaktari. Tofauti yao na shangazi yangu ni kwamba wanasikiliza. Acheni vikao. Nenda kwake, osha vyombo vilivyolala, mwogeshe mtoto, kaa. Mwambie kesho utamsindikiza hospitali, iwe Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili, kisha ukifika dirishani uliza kliniki ya afya ya akili bila kunong'ona.

Na muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Watu wanaogopa eti utamtia wazo kichwani. Humtii. Aliyenalo anapata pa kulitua. Akikujibu ndiyo, usimwachie hata dakika ya kuwa peke yake: ondoa vidonge, ondoa sumu ya panya, ita bajaji usiku huo huo, mkae wawili naye katikati, na mapokezi mkamwambie nesi alichosema, neno kwa neno. Habari ya mume alikuwa wapi hiyo saa, msiijibu. Waambieni wanaopiga simu wasubiri.