FM inakwaruza ndani, nje inatulia

Ndugu yangu, redio inayokwaruza sebuleni hapo Kisauni na kutulia ukiitoa barazani si mbovu. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na ukuta wa zege wenye nondo au paa la mabati huyadhoofisha. Isogeze dirishani kwanza.

Kisha angalia eriali. Kwa FM, yaani megahezi 88 hadi 108, urefu unaofaa ni kama sentimita 75, robo ya wimbi la megahezi 100. Ikiwa imekatika, chukua waya wa umeme wa urefu huo, menya ncha moja, uifunge kwa kukaza kwenye kipande kilichobaki, halafu ujaribu kuusimamisha wima na kuulaza. Na hapa kwetu Pwani chumvi ya bahari hula viungo vya eriali. Vikishika kutu, visugue kwa msasa. Watu hununua redio mpya kwa kasoro hii tu!

Ukisikia mvumo kwenye AM, hiyo ni kesi nyingine: mara nyingi ni chaja ya simu au balbu ya LED. Chomoa kimoja kimoja hadi umkamate mwizi. Eriali ya AM ni kijiti cha feraiti (aina ya kauri yenye asili ya chuma) kilicho ndani, kwa hiyo kuivuta ile ya nje hakusaidii. Izungushe redio yenyewe.

Kwenye simu, eriali ya FM ni waya wa visikizio. Vya bluetooth peke yake havitoshi.