Ghana mvua zikianza: maswali yenu na majibu

Maswali ya mwezi huu yameangukia nchi moja, Ghana, na karibu nyote mnasafiri kati ya Aprili na Juni, wakati mvua zinapoanza upande wa kusini. Nimefanya kazi Accra miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu bila kuzunguka.

Dada, kaka yangu anaoa Accra mwishoni mwa Mei. Mama anataka tusubiri mvua ziishe. Kwani kunanyesha kiasi gani huko? (Muuguzi, Dodoma)

Mwambie mama asikukatishe safari. Watu wakisikia Afrika Magharibi hufikiria mvua ya msituni isiyokatika, na sehemu za namna hiyo zipo kweli. Axim, mji wa pwani ulio magharibi ya mbali, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Accra yenyewe imekaa kwenye kipande kikavu cha pwani ileile: mwaka mzima inapata kama milimita 800 tu, hata Dar es Salaam inaishinda. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya hizo 800 inamwagika ndani ya miezi michache, na Juni ndiyo inayoongoza. Mwishoni mwa Mei bado utapata siku nyingi kavu.

Kalenda yao ya kusini haitakupa taabu, kwa sababu inafanana na masika na vuli: mvua kubwa Aprili hadi Julai, Agosti inapumzika, kisha mvua ndogo Septemba hadi Novemba. Kaskazini kuna msimu mmoja tu, unaoanza karibu na Mei na kwenda hadi Oktoba.

Kinachotofautiana ni jinsi inavyokuja. Unyevu huletwa na upepo wa baharini kutoka kusini-magharibi, lakini dhoruba zenyewe husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ukitaka kujua kama umebakiwa na muda, tazama mashariki. Anga la upande huo linakuwa jeusi, joto linanata mwilini, jani halitikisiki. Mara upepo unafumuka na vumbi lake, mabati yanapiga kelele, na akina mama wanaouza chipsi za ndizi kwenye taa za barabarani wanavuta nailoni juu ya sinia zilizo kichwani bila hata kuangalia juu. Inapiga saa moja au mbili, halafu jua linarudi kana kwamba halikuhusika. Harusi nyingi za huko hufanyika asubuhi, na dhoruba nyingi hupenda alasiri na usiku, kwa hiyo mko upande mzuri wa saa. Waambie tu wakodishe hema lenye kuta za pembeni. Paa peke yake halizuii mvua inayokuja imelala.

Kadi yangu ya njano ni ya mwaka 2011. Imekwisha muda? Na dawa za kinga ya malaria ni lazima kwangu mimi niliyezaliwa Lamu? (Baharia, Mombasa)

Kadi yako ni nzima. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo ya homa ya manjano inahesabika kuwa ya maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Usiisahau nyumbani, maana Ghana huidai mlangoni. Asiyewahi kuchanjwa ajue kadi huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo kukimbilia kliniki juzi ya safari hakusaidii.

Kuhusu malaria, kuzaliwa Lamu si kinga. Kinga ya mtu aliyekulia penye malaria hupungua akikaa mbali nayo, na wewe ni mtu wa baharini. Mvua zikianza, kila dimbwi ni kitalu cha mbu. Mwone daktari akuchagulie dawa kulingana na afya yako, lala ndani ya chandarua, na homa yoyote itakayokupata huko au wiki kadhaa baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo. Usiipe jina la uchovu wa safari.

Nitafikia hoteli karibu na Kwame Nkrumah Circle kwa sababu bei ni nafuu na niko jirani na maduka ya simu. Rafiki yangu anasema panajaa maji. Kweli au ananitisha? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kweli kabisa, na yeyote wa Accra atakutajia tarehe. Usiku wa 3 Juni 2015 mvua kubwa ilijaza eneo la Circle. Watu walikimbilia kituo cha mafuta wajikinge, mafuta yakaelea juu ya maji, moto ukashika na kituo kikalipuka. Kwa mlipuko na mafuriko pamoja walikufa zaidi ya watu 150.

Sababu zake hazijaondoka. Mto Odaw unapita hapo ukielekea ziwa la pwani la Korle na kisha baharini, na njiani unapokea takataka za plastiki na mchanga wa mji mzima. Ardhi ni ya chini, watu wamejenga kwenye njia za maji, na mitaro husafishwa leo ikaziba kesho. Mwenzake Circle ni Kaneshie, barabara ya mbele ya soko, ambayo mvua nzuri ya saa mbili inaigeuza mto.

Je, uhame? Mimi ningehama, nikalala mahali pa juu na kuja Circle mchana kwa biashara. Ila kama bei ndiyo inayoamua, usimuulize mwenye hoteli kama maji huingia, maana atasema hapana huku akikupa ufunguo. Tembea mtaa ule kabla ya kulipa, uangalie kuta. Maji yaliyosimama huacha mstari wa tope ambao rangi mpya haiufichi vizuri. Angalia vizingiti vya maduka: ukiona saruji imeinuliwa hadi karibu na goti mlangoni, mwenye duka ameshakujibu. Halafu chukua chumba cha ghorofani na mzigo wako usiuweke sakafuni.

Sasa mitaro, ambayo naiogopa kuliko mvua. Mitaro mingi ya Accra iko wazi, ya saruji, mingine inamfika mtu kiunoni au zaidi, na inapita ubavuni mwa barabara bila ukingo. Mbele ya maduka wamelaza mbao za kuvukia. Maji yakifurika, mbao zinaelea na kuondoka, na barabara na mtaro vinakuwa kitu kimoja cha rangi ya chai ya maziwa. Hapo usivuke. Kama umeshikwa barazani kwa mtu, omba ukae, watu wa huko hawamfukuzi mgeni. Ndani ya saa moja au mbili maji mengi huwa yameshuka.

La mwisho kwako: Ghana wanaendesha upande wa kulia tangu 4 Agosti 1974. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka, na ukiwa umeinamisha kichwa kwa mvua ndipo mazoea yanapokuponza. Kwao gari la kwanza linatoka kushoto. Daladala zao huitwa trotro, na konda wao, anayeitwa mate, hukata jina la Circle mpaka linabaki “Sek-sek-sek!” Wingu likianza kujikusanya, panda mapema. Baada ya dhoruba trotro zinajaa, foleni hazisogei, na lile dirisha lisilofunga huwa liko upande wako.

Nibebe mwavuli au koti la mvua? (Mwanafunzi, Eldoret)

Koti jepesi. Mwavuli utapinduliwa na upepo wa mwanzo kabla hata tone la kwanza halijakupata. Viatu ni kandambili za mpira, wenyewe wanaziita “chale wote”, na zipo kila kona. Viatu vya ngozi viache, havitakauka.

Tunataka kuona tembo Mole na kutembea kwenye madaraja ya kamba Kakum, mwezi wa Mei. Tuanze wapi? (Mume na mke, Arusha)

Kutoka Arusha kwenda kutafuta tembo Ghana! Haya, kila mtu na raha yake. Mole ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini humo, karibu kilomita za mraba 4,800, na uzuri wake ni kwamba kiangazi, hasa Januari hadi Machi, tembo huja kunywa kwenye madimbwi yaliyo chini ya kilima cha hoteli. Mei mvua za kaskazini zinaanza, maji yanapatikana kila mahali, nyasi zinapanda, na tembo hawana sababu ya kuja kwenu. Ni safari ndefu kwa gari kutoka Accra. Mimi ningeiacha.

Kakum nendeni, maana huo ni msitu wa mvua na huu ndio wakati wake. Njia ya juu ya miti ilifunguliwa 1995. Ina madaraja saba yenye urefu wa kama mita 350 kwa jumla, na sehemu nyingine zinafika karibu mita 40 kutoka ardhini. Fikeni geti likifunguliwa asubuhi, kabla ya mabasi ya wanafunzi na kabla ya mawingu. Kutoka hapo mji wa pwani wa Cape Coast si mbali, na Elmina iko jirani yake, na ngome yake iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1482. Zile kuta zina paa, mvua haiwasumbui.

Mkitaka kitu ambacho kiangazi hakiwapi, nendeni Wli, karibu na Hohoe mpakani na Togo. Ndiyo maporomoko marefu kuliko yote Ghana. Njia inapita msituni ikivuka kijito kileile mara nyingi kwa vidaraja, na kwenye jabali wananing'inia popo kwa maelfu. Mvua zikishika, maji yanashuka kwa kishindo na manyunyu yake yanawalowesha kabla hamjafika kwenye bwawa.

Ila sikilizeni wenyeji. Tarehe 19 Machi 2017 kwenye maporomoko ya Kintampo, dhoruba iling'oa mti mkubwa ukawaangukia waliokuwa wakioga chini. Walikufa watu karibu 20, wengi wao wanafunzi. Upepo ukianza, tokeni majini, na msijibanze chini ya miti. Mwongozaji akisema leo hatuendi, msimbembeleze kwa pesa.

Shikamoo mama. Kwaya yetu imealikwa kanisani Accra mwezi wa Mei, na tumeambiwa ngoma zimepigwa marufuku. Ni serikali imekataza ibada? (Mwimbaji, Bukavu)

Marahaba mwanangu. Si serikali na si ibada. Accra ni nchi ya Waga, na kila mwaka mvua zinapoanza makuhani wao hupanda nafaka za sikukuu ya Homowo, inayokumbuka njaa ya zamani na jinsi walivyoishinda. Baada ya kupanda, mji unatakiwa kutulia ili mazao yaote. Baraza la jadi la Waga hutangaza takriban siku 30, kwa kawaida kati ya Mei na Juni, ambazo ngoma na kelele haziruhusiwi, na halmashauri ya jiji husaidia kusimamia. Sehemu nyingine, kama Teshie na Nungua, zina tarehe zao.

Miaka ya mwisho ya 1990 jambo hili lilileta ugomvi mkali: vijana walivamia makanisa na kubeba vyombo. Siku hizi kuna maelewano. Ibada zinaendelea ndani ya kanisa, vipaza sauti haviwekwi nje. Mwandikieni mwenyeji wenu awape tarehe za eneo lake, na muandae nyimbo za sauti tupu. Kwaya za Kongo mnaziweza hizo kuliko wengi, na sitashangaa mkisikika vizuri zaidi bila gitaa. Mkiweza kurudi mwezi wa Agosti, mtakuta Homowo yenyewe: kelele zote zilizozuiwa hulipwa siku hiyo, na machifu hupita mitaani wakinyunyiza kpokpoi, chakula cha mahindi na mawese.

Assalaam aleikum. Nakwenda masomoni Accra. Nile nini, na nitapata halali? (Kijana, Zanzibar)

Waaleikum salaam. Halali utaipata bila shida. Tafuta mitaa inayoitwa zongo, kama Nima, yenye Waislamu wengi na chakula asubuhi mapema. Anza na waakye: ni wali na kunde au maharage, uliopikwa na majani ya mtama mpaka ukawa wa rangi ya zambarau iliyokolea. Muuzaji atauliza uongezewe nini, yai, samaki, tambi au gari, ambayo ni unga wa muhogo uliokaangwa. Juu yake ataweka shito, pilipili nyeusi ya samaki wakavu. Sema “kidogo” kwa kidole, usimwachie ajipimie. Banku na kenkey ni jamaa za ugali, ila unga umechachushwa, na ukali wake utauzoea ukiula na samaki wa kukaanga. Pokea na ule kwa mkono wa kulia. Kushoto ni utovu wa adabu kama kwetu.

Embe ziko msimuni, kula. Saladi mbichi na juisi za barabarani ziache mpaka tumbo lizoee, kwa sababu mafuriko hubeba uchafu wa vyoo hadi kwenye maji: kipindupindu cha 2014 kilipata watu zaidi ya 28,000 nchini humo. Maji ya kunywa ni yale ya vifuko vya nailoni vya nusu lita. Futa pembe ya kifuko, ing'ate, nywa.

Na kuogelea je? Mimi ni mtoto wa Tanga. (Fundi, Tanga)

Kuogelea kwa Tanga hakukufundishi bahari ya Accra. Hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi, na mikondo inavuta watu nje kila mwaka, hata waogeleaji hodari. Siku baada ya mvua, mitaro yote niliyoisema imeshamwagikia hapo. Kaa mchangani na samaki wako.